Charles Fey, fundi aliyeweka hesabu nyuma ya kioo

Wandugu wachimbaji, mama zetu mnaotwanga na kuosha mchanga, na ninyi watoto wa shule mnaosomea wazazi gazeti nyumbani: leo nawaletea maisha ya mtu ambaye hakufika Maniema hata siku moja, wala sijui kama aliwahi kusikia jina la Kasongo ao Kabambare. Lakini kazi ya mikono yake imefika mpaka mifukoni mwetu.

Kuna kijana mmoja wa timu yetu, siku ya kugawana mazao ya shimo alishuka mjini na pesa ya wiki tatu. Kabla ya kufika kwa mke wake akapita fasi yenye mashini ya kuchezea pesa. Nilimkuta pale saa mbili za usiku, na saa tano alikuwa angali pale. Alitoka bila hata franka ya sabuni ya mtoto. Kesho yake aliniambia kwamba mashini ilikuwa karibu itapike, ilibaki kidogo tu, na kama angekuwa na jetoni kumi zaidi angeshinda. Sikumtukana. Nilijiuliza tu nani aliyetengeneza hii kitu, na alipoitengeneza aliwaza nini. Jibu ni Charles Fey, fundi wa chuma, aliyekufa mwaka 1944.

Kijana aliyetoka kwao mapema

Alizaliwa mwaka 1862 katika kijiji cha Vöhringen, eneo la Bavaria, Ujerumani. Jina lake la kwanza lilikuwa August. Familia yao ilikuwa kubwa sana, na yeye alikuwa mmoja wa watoto wa mwisho. Wenye kuzaliwa wa mwisho katika nyumba kubwa wanajua: shamba likigawanywa, kwako inabaki njia ya kutokea.

Akiwa bado kijana mdogo alipelekwa Munich, kufanya kazi pamoja na kaka yake katika kiwanda cha vyombo vya kilimo. Pale ndipo mikono yake ilijifunza chuma: kukata, kusugua kwa tupa, kupima, kurudia tena mpaka piesi ikae fasi yake bila kulegea. Lakini jeshi lilikuwa linawangoja vijana wote, na yeye hakutaka maisha ya jeshi. Alipofika miaka 15 alitoka kwao, na inasimuliwa kwamba alivuka kuingia Ufaransa kwa miguu, na mzigo mdogo begani. Nani kati yetu hajui safari ya namna hiyo? Wangapi walifika Namoya ao Salamabila vilevile, na blanketi moja na anwani ya mjomba?

Ufaransa alifanya kazi kwa mtengenezaji wa vifaa vya kusemeshana kutoka chumba kimoja hadi kingine. Akavuka tena bahari mpaka London, akakaa miaka kama mitano akitengeneza vyombo vya kuongoza meli. Kazi hiyo haisamehe kosa: chombo kikikosea kidogo, meli inapanda mwamba. Mkono uliozoea usahihi wa namna hii ndio aliokwenda nao Marekani. Karibu mwaka 1885 alifika San Francisco, jimbo la California, upande wa magharibi. Huko aliacha jina la August akajiita Charles, kwa sababu watu walikuwa wakilifupisha lile la zamani kwa namna ambayo hakuipenda.

Ugonjwa wa kifua na mji wa dhahabu

San Francisco ni mji uliokuzwa na wachimbaji. Mwaka 1848 dhahabu ilionekana California, watu wakamiminika kutoka kila pembe ya dunia. Mwaka 1859 ikafuata fedha ya Comstock, katika milima ya Nevada, jirani ya California. Pesa iliyotoka mashimoni ilishuka mpaka mjini, kwa wafanyabiashara, kwa mabenki na kwa wenye baa. Hata leo, mchimbaji anakaa juu ya mlima na pesa yake inakaa bondeni.

Fey alipata kazi ya ufundi katika kiwanda cha vifaa vya umeme. Halafu akashikwa na kifua kikuu. Sisi wa mashimo hatuhitaji kuelezwa maana ya kukohoa usiku na kukonda mchana. Wakati ule dawa zetu za leo hazikuwapo, na wengi walioambiwa wana ugonjwa huo walijua wamehukumiwa. Fey alikwenda Meksiko kutafuta hewa ya joto, akarudi, na akapona. Alioa Marie Volkmar, akapata watoto, akarudi kwenye meza yake ya kazi. Mtu aliyeponea chupuchupu mara nyingi hataki tena kufanyia kazi mabosi maisha yake yote. Yeye na wenzake, akina Theodor Holtz na Gustav Schultze, ambao nao walikuwa mafundi, walianza kujitafutia kazi zao wenyewe.

Kutoka magurudumu matano hadi matatu

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Fey hakuwa wa kwanza kutengeneza mashini ya kamari. Mwaka 1891, huko Brooklyn, New York, kampuni ya Sittman na Pitt ilitoa mashini yenye magurudumu matano, juu yake picha 50 za karata. Mtu anatia sarafu, anavuta, magurudumu yanazunguka, karata tano zinasimama mbele ya kioo. Karata za kawaida ni 52; waliondoa mbili, na kwa kuziondoa walipunguza bahati ya mchezaji kabla hata hajatia sarafu. Ukishinda, mashini yenyewe haikulipi kitu. Mwenye baa ndiye anakupa bia ao sigara.

Kwa nini haikulipa? Kwa sababu magurudumu matano yenye karata 50 yanatoa mipangilio mingi mno, na hakuna fundi aliyejua namna ya kufanya chuma kitambue yote hiyo. Schultze alikuwa tayari ametengeneza mashini ya gurudumu moja yenye kulipa sarafu yenyewe. Fey alifikiri kwa upande mwingine: kama hesabu ni kubwa kwa chuma, basi upunguze hesabu. Akaacha matano, akabaki na matatu. Akaacha karata 50, akabaki na alama chache tu: kiatu cha farasi, almasi, jembe la karata, moyo, na kengele. Kengele hiyo ilifuata ile kengele ya uhuru ya Wamarekani, na mashini ikapata jina la Liberty Bell. Alianza kutengeneza mashini za kamari mwaka 1894, na hii ya magurudumu matatu ilitoka mwaka 1898, katika atelie yake ya San Francisco, 406 Market Street.

Ilikuwa sanduku dogo la chuma la kuweka juu ya meza ya baa, na mkono mmoja pembeni. Baadaye Wamarekani wakaipa jina la kuchekesha: jambazi wa mkono mmoja. Jina la mchezo, lakini aliyelitunga alikuwa tayari ameliwa.

Tufungue mlango wa nyuma

Mchezaji anasimama upande wa kioo. Fundi anasimama upande wa nyuma, na kule hakuna uchawi. Nieleze namna inavyofanya kazi.

Sarafu ikiingia inaondoa kizuizi kinachofunga mkono. Ukivuta mkono, unakaza resori. Resori ikiachiwa, inasukuma magurudumu matatu yanazunguka kwa pamoja. Wakati huohuo kuna saa ndogo ya meno, yenye kipepeo kinachozuia mwendo kwa upepo wake, kama breki. Saa hiyo ndiyo inayopanga muda. Inaachia kidole cha kwanza, gurudumu la kushoto linasimama. Halafu la katikati. Halafu la kulia. Ndiyo maana moyo wa mchezaji unapanda hatua kwa hatua: kengele ya kwanza, kengele ya pili, halafu anashika pumzi.

Magurudumu yakisimama, vidole vingine vinakwenda kugusa visahani vilivyofungwa pembeni mwa kila gurudumu. Visahani hivyo vina matundu. Kidole kikikuta tundu, kinazama. Kikikuta chuma kitupu, kinabaki nje. Vidole vyote vikizama sawasawa, kipande cha chuma chini ya bomba la sarafu kinateleza, na sarafu zinaanguka kwa hesabu iliyopangwa. Mashini haijui wewe ni nani. Haijui kama una shida, kama jana ulipoteza, wala kama umeomba kwa Mungu. Inajua tundu na chuma.

Hesabu yenyewe iko pale, unaweza kuihesabu kwa kidole. Liberty Bell ilikuwa na vituo 10 kwa kila gurudumu. Kumi mara kumi mara kumi ni 1000. Kama kengele iko mara moja tu katika kila gurudumu, basi kengele tatu pamoja zinatoka kwa wastani mara moja katika mivuto 1000. Mashini za baadaye zilipewa vituo 20 kwa kila gurudumu: hapo mipangilio inafika 8000. Kioo kinabaki kilekile, picha zinabaki zilezile, lakini nyuma yake njia ya ushindi imekuwa nyembamba mara nane.

Tuchukue mfano wa mchimbaji wa wakati ule. Kule Comstock, wachimbaji waliounda sendika yao walipigania na kupata dola 4 kwa siku. Liberty Bell ilikula sarafu za senti 5. Kwa hiyo siku moja ya jasho chini ya ardhi ilikuwa sarafu 80. Tuseme mashini imepangwa kurudisha robo tatu na kubakiza robo moja. Mtu anatia 80, zinarudi kama 60. Anatia 60, zinarudi 45. Anatia 45, zinarudi kama 34, halafu 25. Hakuna aliyemwibia. Kila mara alishinda kidogo, alicheka, wenzake wakampigia makofi. Lakini anatembea kuelekea sifuri, na mwenye mashini amekaa tu, anangoja.

Kumbuka yule kijana wetu aliyesema ilibaki kidogo tu. Kwenye mashini haina maana. Kengele iliyosimama juu kidogo ya mstari haikukaribia kushinda. Ni tundu ambalo halikuwa fasi yake, basi.

Kuibiwa, kuunguliwa, kukatazwa

Fey mwenyewe aliijua nguvu ya hesabu yake kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana hakupenda kuuza mashini. Alizikodisha kwa wenye baa, na mapato wakagawana nusu kwa nusu. Alikuwa tajiri kidogo, lakini kwenye sheria alikuwa uchi. Mahakama za Marekani siku zile hazikutaka kulinda uvumbuzi uliotumika kwa kamari tu. Bila breve, kazi ya mtu ni kama shimo lisilo na karatasi: leo unachimba wewe, kesho anakuja mwenye nguvu.

Na mwenye nguvu alikuja. Mwaka 1905 mashini yake moja iliibwa kutoka baa moja ya San Francisco. Inasemekana ilisafirishwa hadi Chicago, ikafunguliwa piesi kwa piesi. Lililo hakika ni kwamba baada ya muda mfupi kampuni ya Mills Novelty ya Chicago ilianza kutoa Liberty Bell yake, kwa wingi ambao atelie ya fundi mmoja haiwezi kufikia. Kisha ikaja balaa kubwa zaidi. Alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko la ardhi lilipiga San Francisco, moto ukafuata kwa siku kadhaa, watu maelfu wakafa, na sehemu kubwa ya mji ikawa majivu. Atelie ya Market Street iliungua pamoja na vyombo vyake. Fey alikuwa na miaka 43. Alianza upya.

Halafu sheria nazo zikageuka. Mwaka 1909 mji wa San Francisco ulizikataza mashini hizo, na mwaka 1911 jimbo lote la California. Watengenezaji wakatafuta ujanja. Wakatoa mashini zilizojifanya zinauza peremende za kutafuna, na alama za karata zikabadilishwa kuwa matunda: cheri, plamu, chungwa. Ndiyo asili ya yale matunda ambayo vijana wetu wanayaona hata leo kwenye vioo vya mashini. Yalianza kama nguo ya kujifichia mbele ya polisi.

Miaka ikapita. Mwaka 1931 jimbo la Nevada liliruhusu kamari wazi. Miaka mitatu baadaye, New York, meya La Guardia alizivunja mashini hizo kwa nyundo kubwa mbele ya wapiga picha, na nyingine zikatupwa baharini. Fey aliyaona yote mawili katika uzee wake. Aliendelea kutengeneza aina nyingine za mashini karibu mpaka mwisho. Alikufa San Francisco mwezi Novemba 1944, akiwa na miaka 82. Mtu aliyekuwa mgonjwa wa kifua ujanani aliishi kuliko wengi waliomlilia kabla ya wakati.

Wanaozifufua

Leo Liberty Bell za asili zilizobaki ni za kuhesabu kwa vidole. Moto ulikula, nyundo za polisi zikala, kutu ikala. Wajukuu wa Fey walizikusanya na kuzionyesha kwa miaka mingi katika mji wa Reno, Nevada, na mmoja wao, Marshall Fey, aliandika historia ya babu yake. Kuna mafundi wengine duniani ambao kazi yao ni kuzirudishia uhai mashini hizi za zamani, na namna yao ya kufanya kazi inafaa hata kwa fundi wetu wa pampu ao wa kinu cha kusaga mawe.

Kwanza, hawavuti mkono uliokwama. Ukilazimisha, unavunja jino ambalo lilikaa zima miaka mia moja. Pili, hawafungui visi hata moja kabla ya kuchora ao kupiga picha kila piesi fasi yake. Tatu, wanaosha kwanza. Mara nyingi mashini haijafa. Gresi ya zamani imekauka ikawa gundi, vipande vinavyopaswa kuteleza vimeshikana. Wanaiosha kwa petroli na brashi, wanakausha, halafu wanatia mafuta mepesi kidogo sana, kwa sababu mafuta mengi yanaita vumbi. Nne, hawakati resori ao kuivuta ili iwe na nguvu. Wanatafuta nyingine ya nguvu ileile, la sivyo magurudumu yatazunguka kwa mwendo mwingine na saa haitaweza kuyasimamisha vizuri. Na tano, hawapaki rangi mpya juu ya alama ya zamani. Mikwaruzo ya mikono ya watu ni sehemu ya historia.

Fundi akishamaliza anazungusha gurudumu polepole kwa mkono na kuangalia kila tundu na kila kidole. Yeye anajua kabla ya mtu yeyote mashini inalipa nini na inabakiza nini. Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba mafundi wa mashini hizi hawazichezi. Sishangai. Umeona matundu, utacheza vipi?

Kinachotuhusu sisi

Mimi si padri wala imamu, sikuja kuhubiri. Fey simwiti shetani. Alikuwa mfanyakazi kama sisi: alitoka kwao mtoto, alikohoa, aliibiwa kazi yake, aliunguliwa, alisimama tena. Ufundi wake ninauvulia kofia. Lakini akili yake aliiweka upande wa mwenye sanduku, na wachimbaji wa Nevada na California walikuwa upande wa kioo.

Katika miaka ileile, mwaka 1893, wachimbaji wa magharibi ya Marekani walikutana katika mji wa Butte, Montana, wakaunda shirikisho lao la sendika. Wao pia walifungua sanduku. Waliuliza saa ngapi zinafanywa, mshahara ni wa nini, nani anapima, nani anabakiza. Walipigania siku ya saa nane. Waliteseka sana, wengine walikufa, lakini walijua kwamba hesabu usiyoiona ndiyo inayokula.

Kwa sisi wa Kasongo na Kabambare ni kazi ileile. Mnunuzi akiweka dhahabu yako juu ya mizani, omba kuona mawe ya mizani, na timu iwe na mizani yake ya kulinganishia. PDG wa shimo akitoa madeni ya chakula na ya mafuta ya pampu, yaandikwe mbele ya watu wawili, na mtoto wa shule ayasome kwa sauti. Mkataba ukiletwa kwa Kifaransa, uelezwe kwa Kiswahili kabla ya mtu kuweka kidole. Na pesa ya mazao ikigawanywa, ipite nyumbani kwanza, mama wa watoto aihesabu.

Yule kijana wetu sasa ndiye anayeshika daftari la timu. Nilimchorea vile visahani vitatu vyenye matundu, chini, kwa kijiti, pembeni mwa shimo. Alihesabu kumi mara kumi mara kumi mwenyewe. Halafu akakaa kimya kidogo, akafuta mchoro kwa mguu, akaniuliza kama mizani ya mnunuzi nayo inaweza kufunguliwa. Nikamwambia ndiyo. Tutakwenda pamoja Jumamosi.